Makete kuna baridi: hoja ya kuni kavu katika mjadala wa nishati safi

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Tangu hapo kuni hazitajwi hadharani ila kwa kulaumiwa. Kwa mkazi wa Dar es Salaam au Tanga sioni ubishi mkubwa. Huko jiko ni la kupikia tu, na chakula kikishaiva joto linalobaki ni kero.

Mkakati huohuo ukipanda Njombe, Mufindi au Makete, kwenye nyanda za juu kusini, mwezi wa saba, unakuta nyumba ambayo moto una kazi mbili. Ugali ukishaliwa watu hawaondoki jikoni. Wanavuta vigoda wakaota moto, watoto wanamalizia hapohapo kazi za shule, na sweta lililolowa linaning'inizwa likauke. Kule Kitulo umande wa usiku huganda juu ya majani. Mtungi wa gesi wa kilo 6, hata ule unaouzwa kwa ruzuku kupitia REA, Wakala wa Nishati Vijijini, ni wa kupikia. Hakuna mwenye kipato cha kawaida atakayeuwasha jioni nzima ili chumba kipate joto. Kwa hiyo kaya inapokea mtungi, inachemshia chai asubuhi, na usiku inarudi kwenye kuni.

Wanaotaka kuni ziondoke hawakosei kwenye jambo la msingi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Kwa Tanzania, idadi ambayo viongozi huitaja ni 33,000 kwa mwaka. Ukiongeza macho mekundu, kikohozi kisichoisha na saa ambazo wanawake na wasichana hupoteza porini, hoja inatosha. Anayetetea kuni bila kuanzia hapo hastahili kusikilizwa.

Ninachouliza ni kuni zipi. Gogo la mlingoti, yaani mkaratusi, lililoangushwa jana, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Likipasuliwa na kukaushwa vizuri, maji hushuka hadi kama asilimia 20, na hapo ndipo kuni huitwa kavu kweli. Mama aliyejitwika mzigo wa kilo 25 za kuni mbichi amebeba kilo 12 na ushee za maji. Mzigo huohuo ukiachwa ukauke kulekule ulikokatwa, unabaki na kilo 16 hivi, na hakuna hata kijiti kimoja cha kuunguza kilichopungua. Kilo tisa zimetoka kichwani mwake bila ya mtu kununua chochote. Tunaposimulia mateso ya wabeba kuni, na ni mateso ya kweli, mbona kilo hizo tisa hazitajwi?

Jikoni hesabu inaendelea. Kilo moja ya kuni zenye maji nusu kwa nusu hutoa megajuli 8 hivi za joto; ya kuni kavu hutoa 14 hivi. Hasara kubwa zaidi haimo hata katika hesabu hiyo. Maji yanapochemka ndani ya kuni hupoza moto, na moto uliopoa hauwezi kuunguza gesi zinazotoka kwenye mti. Gesi hizo hupanda zikiwa moshi, masizi na utomvu mweusi unaoganda kwenye dohani. Moshi unaomliza mpishi, kwa sehemu kubwa, ni kuni iliyoshindwa kuungua.

Kuzikausha ni kazi inayofundishika. Mlingoti upasuliwe ungali mbichi, maana ukishakauka shoka linadunda. Miwati, ambayo Njombe imejaa, haisumbui sana. Kipande kisizidi unene wa mkono, kwa sababu maji hutoka kwa shida sana kwenye gogo zima lenye gome. Kichanja kiwe juu ya mawe au magogo mawili ya kulalia, kuni zisiguse udongo. Zipangwe kwa kuachia nafasi, ncha zikitazama upepo, na kila mwisho wa safu upangwe kwa kupishanisha ili usiporomoke. Juu paezekwe kwa bati bovu, ubavuni paachwe wazi. Wengi hukosea hapo mwishoni: wanafunika rundo zima kwa turubai hadi chini, mvuke unakosa pa kutokea, na kuni zinaota ukungu. Kuni zilizokauka utazijua kwa nyufa kwenye ncha, gome linalobanduka lenyewe, na mlio mkali ukigonganisha vipande viwili. Mbichi hutoa mlio mzito.

Nyanda za juu mvua huisha mwezi wa nne au wa tano. Zikipasuliwa wakati huo, zina kiangazi kizima cha jua na upepo kabla ya mvua za Novemba, na baridi inayofuata inazikuta tayari.

Kuna pingamizi mbili nzito. Kwanza, kuni kavu nazo hutoa moshi. Nchini Malawi utafiti uliohusisha watoto zaidi ya 10,000, uliochapishwa mwaka 2016, uligawa majiko bora ya kuni yenye feni, na nimonia kwa watoto haikupungua. Majaribio mengine makubwa yaligawa gesi yenyewe katika nchi nne, Rwanda ikiwemo. Moshi waliouvuta wapishi ulipungua sana, lakini hata huko nimonia kali kwa watoto wachanga haikupungua kwa kiwango cha kuridhisha. Gesi ina hewa safi zaidi, hilo halina mjadala. Ila matokeo hayo yanatutaka tusiiahidi kama dawa ya kila kitu.

Pingamizi ya pili naiona ngumu zaidi. Kukausha kuni kunahitaji akiba ya msimu mzima, na anayeokota leo cha kupikia leo hana akiba. Hilo ni kweli kwa maeneo mengi ya nchi. Lakini kaya nyingi za Njombe na Makete zina miti yao, iliyopandwa kwa mikono yao, na zingeweza kupasua za mwaka kesho.

Kinachonitia hofu ni kile kinachofanyika pale joto linapokosekana. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia iliyoingiza jiko la mkaa chumbani, ikafunga mlango na madirisha, na asubuhi majirani wakavunja mlango. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye mkaa unaowaka, haina harufu wala haikereketi koo kama moshi. Mkakati unaohesabu chakula tu na kusahau kwamba watu wanasikia baridi utawasukuma wengine kwenye jiko hilo, na watakuwa wameacha kuni kweli kama walivyoambiwa.

Kwa hiyo mitungi iendelee kugawiwa, na mijini, inakopelekwa mikaa ya misitu ya asili, iharakishwe. Huku juu, fedha kidogo ziende kwenye majiko banifu yenye dohani inayotoa moshi nje ya paa, na afisa misitu wa wilaya apewe kazi ya kufundisha kichanja kama anavyofundisha kitalu cha miche. Mafunzo hayo yafanyike mwezi wa tano, mvua zikikatika, wakati mashoka yanatoka ndani.