Karanga za gulioni na leseni ya mbegu

Mvua za kwanza zikinyesha Urambo na Uyui, mkulima aliyeishiwa mbegu hupita gulioni, ananunua karanga za kula, anachambua zilizojaa vizuri, anapanda. Hakuna anayeona kosa. Huko Indiana, Marekani, mkulima Vernon Bowman alifanya hivyo kwa soya, akaamriwa kuilipa kampuni ya mbegu ya Monsanto dola 84,456.

Kwa zao lake la kwanza Bowman alinunua mbegu yenye leseni: panda mara moja, usirudishie mavuno shambani kama mbegu. Masharti hayo aliyatii. Kwa zao la pili, la kuchelewa na la kubahatisha, alinunua soya ya bei nafuu kwenye ghala la nafaka. Akapulizia dawa ya magugu. Iliyosalimika ilikuwa ile ya Monsanto inayostahimili dawa hiyo, yenye hataza, yaani haki ya mgunduzi inayolindwa na sheria; akaitunza mbegu msimu hadi msimu. Mei 2013 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu walimkatalia: punje uliyonunua waweza kuila au kuiuza, lakini huruhusiwi kuizalisha upya.

Kampuni nayo ina hoja. Mahindi chotara hujilinda yenyewe, maana ukiyarudishia mavuno hushuka. Soya na karanga hujichavusha, na mtoto hutoka kama mama. Bila ulinzi, mgunduzi hulipwa mara moja tu. Na Bowman alijua anachokitafuta.

Ninachoshindwa kukimeza ni lile ghala. Juu ya soya ile Bowman hakuwa ametia saini popote. Alihukumiwa kwa hataza yenyewe. Kwa hiyo ni kama sharti la leseni limetoka kwa muuza mbegu, likapita kwa mkulima mwingine, likaingia ghalani na kumkuta mnunuzi ndani ya gunia lisilo na lebo. Mama wa Nzega anayepimiwa karanga kwa kopo, atamuuliza nani kama aina ile ina mwenyewe?

Sisi Tanzania tuna sheria ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea ya mwaka 2012, na tangu 2015 tumo katika mkataba wa UPOV wa 1991, ule wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea. Mkataba huo unaziruhusu nchi kumwachia mkulima arudishie mbegu, ila ni ile aliyoivuna shambani mwake, tena aipande shambani mwake. Karanga za gulio hazimo. Kanuni zetu zitamke wazi kwamba nafaka iliyouzwa kama chakula haimbebeshi mkulima mdogo leseni ya mtu. Mgunduzi adai haki yake dukani, kwenye mfuko wenye lebo.