Selo mbele, besi nyuma: maoni ya Mzanzibari aliyeko Paris

Ndugu zangu wa Unguja huniuliza huku Ulaya kuna nini ambacho sisi hatuna. Nitajibu kwa muziki tu. Ala tunazo, wapigaji tunao. Tunachokosa ni subira ya kusikiliza kitu kipya kisicho na maneno.

Majuzi nilikwenda ukumbi wa Philharmonie kusikiliza okestra ikipiga muziki wa Kifaransa: tungo za Claude Debussy mwanzo na mwisho, na katikati yake “Tout un monde lointain” ya Henri Dutilleux, tungo ya selo (ile fidla kubwa ipigwayo kwa kukaa) na okestra, iliyopigwa mara ya kwanza mwaka 1970 na Mrusi Mstislav Rostropovich. Ina sehemu tano zinazofuatana bila pumziko, karibu nusu saa nzima. Inaanza kwa matoazi na ngoma vikiguswa kwa chini mno, kisha selo inasema peke yake, inapanda, inasita, inarudi. Hakuna kiitikio cha kushika. Bibi mmoja jirani yangu aliinama mbele tangu mwanzo, kiwiko gotini, akiifuata kila noti kama mtu anayesikiliza habari za mwanawe aliye safarini.

Kwetu kwenye taarab, bashrafu, kile kipande cha ala tupu cha kufungulia, ikipigwa ndiyo kwanza watu wanatafuta viti na kuulizana hali. Linaniuma hilo. Wazee wale wa fidla, ganuni na udi wamejifunza kipande hicho kwa miaka, na sisi tunangoja mwimbaji apande. Selo nayo mara nyingi imekaa nyuma, ikiisaidia besi.

Msinielewe vibaya: kwenye nyimbo, sisi tumewazidi mbali. Mama anapoinuka na kitita chake cha pesa, akaenda kwa madaha mpaka jukwaani kumtuza mwimbaji kwa ubeti uliomgusa, ule ni usikilizaji ambao Paris haiujui. Hapa mtu akiguswa hana la kufanya mpaka mwisho. Hilo tusiliache kamwe.

Lakini angalieni walivyopanga programu yao. Tungo ngumu imewekwa katikati ya zile zinazopendwa, kwa hiyo aliyekuja kwa ajili ya “La Mer” (Bahari) ya Debussy ameisikia na ya Dutilleux. Na hiyo “La Mer”, ambayo leo inajaza kumbi, ilipopigwa mara ya kwanza hapa Paris Oktoba 1905 wakosoaji wengi hawakuipenda. Debussy alianza kuiandika akiwa Burgundy, bara kabisa, akitegemea kumbukumbu zake za bahari. Sehemu ya kwanza inakwenda kutoka alfajiri mpaka adhuhuri, na katikati yake selo zinagawanywa makundi manne, zinapiga wimbo kwa pamoja. Mimi mtoto wa pwani nilizijua zile pumzi. Mwaka huohuo wa 1905 ndio ilipoanzishwa klabu ya taarab ya Nadi Ikhwan Safaa pale Unguja, na mpaka leo iko hai. Umri wetu katika okestra si mdogo.

Najua mtasema hiyo ni anasa ya nchi tajiri. Kweli, pesa ipo: ukumbi ule ulifunguliwa Januari 2015 kwa fedha za umma, na katika shule za muziki za jiji ada hupimwa kwa kipato cha wazazi. Kwetu, chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy) mwaka 2019 kilikaribia kufungwa kwa kukosa fedha. Serikali ina deni hapo, na tuidai. Ila kunyamaza wakati wa bashrafu hakuhitaji bajeti ya wizara.

Ombi langu kwa Ikhwan Safaa na wenzao wa taarab, Culture Musical Club: baada ya bashrafu, wekeni tungo moja mpya ambayo selo ndiyo msemaji, dakika kumi zinatosha, kisha endeleeni na nyimbo watu walizozifuata. Mtunzi awe kijana wa hapohapo nyumbani, alipwe. Mimi nitachangia malipo yake, na nitawapitia Wazanzibari wenzangu wa hapa mmoja mmoja wachangie nao.