Riwaya Haipimwi kwa Maneno 35,000

Kwenye notisi za fasihi zinazozunguka sekondari kuna namba isiyokufa: 35,000. Hadithi ikifikisha maneno hayo ni riwaya. Ikipungua, itafutiwe jina lingine. Mwanafunzi anaikariri, anaimwaga kwenye mtihani, anapata maksi zake.

Haya, chukua Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1990. Kurasa zake hazifiki 100. Hata ukiupa kila ukurasa maneno 300, na hapo umekuwa mkarimu, hufiki 35,000. Mbona walimu walewale wanaifundisha kama riwaya? Kusadikika ya Shaaban Robert nayo ni kitabu chembamba vilevile. Kanuni inayowatoa nje hao wawili, mimi naona yenyewe ndiyo itoke.

Sina ugomvi na kuhesabu maneno. Mwenye mashindano lazima aweke ukomo, maana jaji atalinganishaje kisa cha kurasa kumi na kitabu cha mia tatu? Tuzo za Hugo na Nebula, za bunilizi za kisayansi na za kifantasia, zina madaraja manne: chini ya maneno 7,500 ni hadithi fupi, riwaya inaanzia 40,000, na katikati yapo mawili yanayogawanywa na 17,500. Lakini hata kanuni za Hugo zinaruhusu kazi iliyo ndani ya asilimia 20 ya mpaka ihamishiwe daraja la jirani. Wenyewe wanajua kwamba mpaka huo ni wa kurahisisha kazi tu.

Kinachonikera ni kuzichukua namba za Kiingereza na kuzibandika kwenye Kiswahili zilivyo. "Hakunipigia" kwetu ni neno moja. Mwingereza atahitaji matano. Mwandishi wetu akisimulia kisa kilekile, kompyuta itamwambia kuwa kaandika kifupi. (Na wale wanaoandika "kwasababu" kama neno moja wanazidi kujipunja, kwa kosa la tahajia.)

Wanaoandaa mashindano ya Kiswahili wangepima kwanza miswada ya Kiswahili wanayoletewa, ndipo wapange madaraja. Kwa hadithi fupi mimi ningeweka ukomo wa maneno 4,000, na aliyefika 4,100 kwa hadithi iliyokaa sawa nisingemkata.