Baba Mkwe Apokea Rambirambi za 1847

Baba mkwe wangu ni Mmarekani wa Boston, ila ukimuuliza atakwambia yeye ni Mwairishi. Babu wa babu yake, Patrick Murphy, alipanda meli kutoka Cork, Ireland, mwaka 1847, ile njaa iliyoletwa na viazi kuoza mashambani ikiwa imepamba moto. Mzee alipostaafu tu, akaamua lazima akione kijiji. Mke wangu alikosa likizo, kwa hiyo dereva nikawa mimi, Mchaga wa Moshi, ambaye naweza kukupeleka mgombani ukaone alipolala babu wa babu yangu.

Kwa wenzetu si rahisi hivyo. Murphy ndilo jina la ukoo lililojaa kuliko yote Ireland, na desturi ya zamani ilikuwa mtoto wa kwanza wa kiume apewe jina la babu mzaa baba. Basi kila nyumba ina Patrick, na Patrick ana mjukuu Patrick. Sensa za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliteketea Dublin mwaka 1922, jengo la nyaraka lilipolipuka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ya 1901 na 1911 zipo, nazo zina vituko vyake: bibi mmoja tulimkuta ana miaka 55 katika ya kwanza, katika ya pili ana 71! Mzee akasema karani kakosea. Wapi! Pensheni ya uzeeni ilianza kulipwa 1909 kwa waliofikisha miaka 70, na vizazi vyote vilianza kuandikishwa serikalini 1864 tu. Nani angembishia bibi?

Vitabu vya parokia, vya Kilatini kitupu, ndivyo vilivyotuelekeza kwenye kitongoji kimoja karibu na mji mdogo wa Skibbereen, kusini mwa Ireland. Mzee akamwandikia paroko kwamba tunakuja. Tulipokata kona ya mwisho, tukakuta magari yamepangana hadi kwenye zizi la ng'ombe na watu wamejaa uani.

"Wamekuja kunipokea," mzee akasema, machozi yanamlengalenga, akashuka hata gari halijasimama sawasawa.

Nikabaki nahangaika na pa kuegesha. Hapo ndipo nikatazama vizuri. Wanaume wamesimama pembeni, sauti chini, mikono mifukoni. Akina mama wanaingilia mlango wa jikoni na masinia ya sandwichi yaliyofunikwa. Jamani, msiba ni msiba, hata wa Wazungu.

Nilipopenya hadi sebuleni, mambo yalikwisha haribika. Mzee alijitambulisha mlangoni kuwa ni Murphy wa Boston. Na marehemu, naye Patrick Murphy, alikuwa na binamu Boston aliyesubiriwa tangu asubuhi. Wakampokea kwa heshima zote, wakamsimamisha kwenye mstari wa wafiwa, mgongo kwa jeneza. Watu wanapita mmoja mmoja, wanampa mkono.

"Pole sana kwa yaliyokufika."

"Asante, asante. Ni mambo ya 1847, tumeshapoa."

Wakatazamana, wakasogea mbele. Huzuni ina mambo yake.

Nilimkonyeza, nikakohoa, nikamwonyesha kwa kidevu. Wapi. Akafika ajuza mmoja mwenye fimbo, akamng'ang'ania mkono.

"Patrick alikuwa mtu mwema," akasema.

"Najua, mama. Kinachoniuma ni kwamba hata sura yake sijawahi kuiona."

"Si ugeuke? Yupo hapo nyuma yako."

Akageuka. Jeneza lilikuwa wazi, marehemu kavaa suti ya bluu na rozari mkononi. Mzee alirudi nyuma hatua moja, akakalia sahani ya keki ya mtu.

Ilibidi mimi ndiye nieleze, huku shati limenilowa jasho. Mjane alinisikiliza mpaka mwisho, akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Kumbe anacheka, amejishikilia kwenye jeneza la mumewe asianguke.

"Murphy wenu ni wale wa ng'ambo ya kilima," akasema alipopata pumzi. "Marehemu hakuwahi kuwasalimia, waligombania mpaka wa shamba. Kaeni mle mshibe kabisa. Wakisikia mmetokea huku, hata chai hamtapewa."