Ukiwa Hapo Hapo, Fundi

Simu imelia sasa hivi. Ni mwalimu, yule mstaafu wa mtaa wa Milimani, hapa Kisumu. "Fundi, kuna kakitu kadogo tu." Mungu wangu!

Tulielewana kitasa. Kitasa kimoja cha mlango wa nyuma, ufundi shilingi 800. Mimi ni seremala mwenye cheti cha NITA, wale wa serikali wanaopima mafundi, si wa kubabaisha, nikafika mapema na patasi zangu. Nimelegeza skrubu moja tu, mtu anakohoa mgongoni. "Na ukiwa hapo hapo, fundi, hebu tazama hiyo fremu." Fremu imeliwa na mchwa. Kuing'oa, ikashuka na plasta. Plasta ikafichua waya wa stima uliotafunwa. Saa sita niko darini nasaka njia ya panya, vumbi limejaa puani, kitasa bado kiko mfukoni.

Nikasema basi, tuandikiane. Nikachana karatasi ya daftari: "Kazi ni kitasa. Ikiongezeka kazi, inaongezeka bei." Mwalimu akavaa miwani, akachomoa kalamu nyekundu. Akasahihisha nukta, akapigia mstari mwandiko wangu, akanipa 6 kwa 10. Halafu akaongeza chini, kwa herufi za ubaoni: "Pamoja na banda la kuku." Ndipo akaweka sahihi.

Utamwambia nini mwalimu wa watu? Na chai ameshaleta, na mandazi, nami nimeshatafuna.

Waingereza walianza reli Mombasa 1896, wakafika hapa Kisumu 1901, wakakomea hapo maana mbele kuna ziwa. Kwa mwalimu hakuna ziwa! Baada ya banda kuna geti, baada ya geti kuna shemeji yake Ahero.

Si yeye peke yake. Kanisa fulani liliagiza benchi, sasa nachonga mimbari, malipo eti mbinguni. Dada wa saluni yeye kioo kisogezwe "kidogo tu" kila Jumatatu.

Mia nane, jamani! Mia nane siku hizi ni pesa?

Hata boda. Jana nimepanda Kondele, bei tumepatana, mbele kidogo kijana anasimama: "Mzee, sogea tubebe huyu mama." Nikasogea. Mama ana ndoo ya omena, ndoo nikawekewa mapajani, maji yanatiririka hadi kwenye soksi. Kufika Kibuye, kijana anadai nyongeza, ati nilibeba mzigo. Mzigo wa nani? Na mama keshashuka, anakata kona na ndoo yake, hata asante hakuna.