Masomo 20 ya Snyder: Kisome, ila usikisome peke yake

On Tyranny, kitabu cha mwanahistoria Timothy Snyder kilichotoka Marekani mwaka 2017, kinaingia mfukoni na unaweza kukimaliza kwa jioni moja. Kina masomo 20, na anayeelezwa humo si dikteta hasa bali raia: demokrasia za Ulaya zilipoanguka karne ya 20, mkono wake ulihitajika wapi?

Somo la kwanza ndilo uti wa mgongo: usitii kabla hujaamriwa. Mfano ni Vienna, mji mkuu wa Austria, Machi 1938, Ujerumani ya Hitler ilipoitwaa nchi hiyo. Wanazi wa hapo hawakungoja maagizo ya Berlin. Waliwakamata Wayahudi na kuwapigisha magoti, wasugue barabara kufuta maandishi ya kutetea uhuru wa Austria, huku umati ukitazama na baadhi wakifurahia. Kwa maelezo ya Snyder, utiifu huo wa hiari uliwafundisha wakubwa wa Kinazi kwamba mengi zaidi yanawezekana. Hapo ndipo kitabu kinapoistahili sifa yake. Baada ya kurasa hizo huwezi tena kumtazama karani anayegonga mhuri, hakimu au daktari kama mtu aliyepita tu njiani. Hans Frank, aliyeitawala Poland iliyovamiwa, alianza kama mwanasheria.

Wanaokikosoa nao wana hoja nzito. Tazama kura ya bunge la Ujerumani ya Machi 23, 1933, iliyompa Hitler mamlaka ya kutunga sheria bila bunge. Ilihitaji theluthi mbili. Ilipita kwa 444 dhidi ya 94. Wakomunisti walikuwa wameshazuiwa kuingia bungeni, wengi wao gerezani au mafichoni. Waliokataa wote walikuwa wa SPD, chama cha wasoshalisti wa kidemokrasia. Zentrum, chama cha Wakatoliki, kiliunga mkono baada ya kupewa ahadi. Pengo la upinzani lilikuwa la vyama, na ushauri kama wa somo la 12, wa kumtazama jirani machoni na kusalimiana naye, usingeliziba. Snyder anagusia nguvu ya kujipanga anapofika Poland na chama cha wafanyakazi cha Solidarność, lakini anapita haraka mno mahali palipostahili sura nzima.

Kasoro ya pili naiona kubwa zaidi. Kitabu kinawaonya Wamarekani kwa mifano mingi ya Ulaya, ilhali nyumbani kwao Louisiana ilikuwa na wapiga kura Weusi 130,334 walioandikishwa mwaka 1896, na mwaka 1904 walibaki 1,342. Kazi hiyo ilifanywa na katiba ya jimbo ya 1898: mtihani wa kusoma au sharti la kumiliki mali, pamoja na kodi ya kura. Kisha kikawekwa kipengele kilichomwondolea mtihani yeyote ambaye baba au babu yake alikuwa na haki ya kupiga kura Januari 1, 1867, wakati ambapo Weusi wa Louisiana hawakuwa nayo.

Msomaji wa Tanzania atakwama kidogo kwenye somo la tatu, linaloonya dhidi ya dola ya chama kimoja. Tume ya Jaji Nyalali ya 1991 ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wakitaka chama kimoja kibaki, nayo ikapendekeza vyama vingi, ambavyo sheria iliviruhusu 1992. Kwa Snyder, raia ndiye anayelinda milango dhidi ya watawala. Hapa mlango ulifunguliwa kutoka juu. Somo halifi kwa hilo, ila linahitaji maelezo ambayo kitabu hakina.

Kwa kikundi cha usomaji, masomo mawili kwa kikao yanatosha. Matano yanageuka orodha ya misemo. Kwa kila somo, tafuteni tukio moja la nchi yenu na mwandike mambo manne katika safu nne: tarehe, nani aliamuru, nani alitekeleza, na kama mtekelezaji alikuwa ameshaamriwa au alijitanguliza. Kikao huharibika mtu anapomwita mwanasiasa asiyempenda Hitler, maana kuanzia hapo wote hubishana juu ya jina na tukio linasahaulika. Mrudisheni kwenye safu ya nne. Ndiyo ngumu kuijaza, kwa kuwa waliojitanguliza mara nyingi hawakuacha barua yoyote.