Tangu Mwezi Uliopita Mimi ni Nchi Inayoendelea

Mimi ni baba wa watoto wanne, mkazi wa Nkuhungu hapa Dodoma, na tangu mwezi uliopita nimekuwa nchi inayoendelea. Zabibu zangu za Hombolo zilikosa bei, nikakimbilia mkopo ule ambao mtaani tunauita kausha damu, wenye marejesho ya kila wiki, na niliposhindwa wiki ya tano hakubaki mtu wa kunikopesha hata kibiriti. Aliyeniokoa ni kikoba cha mke wangu, ambacho siku hizi nakiita Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), lile la Washington linalokopesha nchi zilizokwama, mke wangu mwenyewe akiwa hayupo karibu.

Wala hakikuniokoa kwa huruma. Wadhamini wangu watatu ni wanachama wake, na wakopeshaji wale wasingeishia kwenye televisheni yangu, bali wangeendelea hadi kwenye mbuzi wao. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997, sarafu ya Thailand ilipoporomoka mwezi Julai na homa ikazifikia Indonesia na Korea Kusini, Shirika likalazimika kutoa mikopo ya mabilioni ya dola kwa sababu moto wa jirani hauulizi mpaka wa kiwanja. Hilo nalikubali.

Kinachoniua ni masharti. Fedha hutolewa kwa awamu, na kabla ya kila awamu ujumbe wa akina mama watatu hufika Jumapili na daftari kufanya tathmini, wakaketi sebuleni kwangu, wakanywa chai yangu yenye vijiko vitatu vya sukari kila mmoja, kisha wakaandika kwamba matumizi ya sukari katika kaya hii yamezidi uwezo. Kitimoto cha Jumamosi kimefutwa. Mdogo wangu, anayelala sebuleni tangu mwaka juzi akitafuta kazi, ametajwa katika daftari kuwa ni ruzuku isiyo endelevu.

Nilipochoka nilisimama na kuwauliza, kama Mwalimu Nyerere alivyowauliza mabalozi kuhusu Shirika mwanzoni mwa mwaka 1980, tangu lini wamekuwa Wizara ya Fedha ya Kimataifa. Mke wangu, bila hata kuinua macho kwenye daftari, alinikumbusha kuwa Mwalimu aling'atuka mwaka 1985 na mwaka uliofuata nchi ikakubaliana na Shirika, shilingi ikashushwa thamani. Nikaketi.

Nilifikiria kukata rufaa, lakini sanduku la kikoba lina kufuli tatu, na asipofika mshika ufunguo mmoja halifunguki. Huko Washington ni vivyo hivyo, tena kwa mtu mmoja: kura hufuata ukubwa wa mchango, maamuzi makubwa huhitaji asilimia 85, na Marekani peke yake inashika zaidi ya 16, kwa hiyo ikitia ufunguo mfukoni wengine wote wanabaki kulitazama sanduku. Kwetu ufunguo wa namna hiyo anao mama mkwe wangu.

Tathmini ya pili ni Jumapili hii. Mdogo wangu nimemwagiza ashinde kwa jirani, na sukari nimeificha darini. Ujumbe utapewa chai kavu, na wakiuliza nitawajibu kwa adabu kwamba nimeondoa ruzuku.